Shingo Upande: Namna Bukavu Inavyosita

Mtu wa Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, akialikwa mahali asikotaka kwenda, ni nadra kumsikia akisema hapana. Atasema "tutaona". Akipigiwa simu kuulizwa amefika wapi, atajibu "niko nakuya", na anayemuuliza anajua kabisa kwamba mwenzake hajavaa hata viatu. Akidaiwa mchango kwa jambo lisilompendeza, atauliza siku ya mwisho ni lini, atauliza nani na nani wameshatoa, atalisifu wazo lenyewe, kisha atanyamaza. Wageni wengi huyahesabu hayo kuwa uongo au uvivu. Lakini hapo hakuna aliyedanganywa, maana pande zote mbili zimeelewana, na mvivu hapigi hesabu ndefu namna hiyo. Huyo mtu anasita. Nimeishi na kusita huko miaka mingi kiasi cha kuamini kwamba mji huu hauwezi kueleweka, wala kutawaliwa vizuri, na mtu asiyejua kusita kwake kunatoka wapi na ni nani anayekulipia.

Lugha yetu ina maneno mengi kwa hali hii, na kila moja limeshika upande wake. Ajizi ni kasoro ya mtu mwenyewe. Wahenga waliiita nyumba ya njaa, na hakuna anayeitetea. Kusuasua ni kuanza bila kushika kasi. Kigugumizi magazeti humpa mkubwa anayekwepa kutoa uamuzi. Kusita ni kusimama kabla ya tendo, wakati ungali na nafasi ya kuchagua. Kisha kuna kufanya jambo shingo upande: mtu anatenda, tena anamaliza alichoagizwa, ila moyo wake umekaa kando. Haya mawili ya mwisho ndiyo yanayonihusu hapa. Anayesita bado ana uchaguzi. Anayefanya shingo upande amenyang'anywa uchaguzi akabakiza hisia, na hisia hiyo anaionyesha kwa namna anayoshika jembe, anavyoitikia wimbo, anavyochelewa. Bukavu, kwa sehemu kubwa ya umri wake, imeishi katika hali hiyo ya pili.

Kuna pia kusita kusiko na uchungu wowote, kusita kwa adabu. Ukiingia nyumbani kwa watu ukakuta wanakula, utaambiwa "karibu, mama, ukule kidogo", nawe utajibu "aksanti sana, nimetoka kula". Utaombwa tena. Mara ya tatu utavuta kiti. Ukiketi mara ya kwanza umeonyesha njaa; ukikataa hata ya tatu umedharau chakula cha watu. Kasiksi, pombe ya ndizi, nayo hivyo hivyo: anayenyoosha mkono kabla ya mzee kunywa hajafundwa. Bibi harusi anayetoka kwao akicheka sana siku ya kuchukuliwa huwapa shangazi zake kazi ya kueleza. Adabu hii ni nzuri, na sitaki ipotee. Lakini inafundisha jambo moja la hatari, kwamba kusita kwa mtu ni mapambo tu, na kwamba ukisukuma kidogo utakuta ndiyo imejificha chini yake. Nitalirudia hilo mbele, mahali ambapo halina uzuri wowote.

Kwanza habari ya kazi. Mwaka 1927 Wabelgiji waliupa mji huu jina la Costermansville, jina lililodumu hadi miaka ya 1950. Juu ya vilima vya Bushi, nchi ya Washi, vinavyouzunguka yalifunguliwa mashamba ya kahawa, chai na miti ya kwinini, na mashamba yalitaka mikono. Tayari kulikuwa na sheria ya mwaka 1917 iliyowalazimisha Wakongomani kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, siku 60 kila mwaka, na nyuma ya sheria kulikuwa na kiboko. Mshi aliyekuwa na ng'ombe wake, migomba yake na mwami, mfalme wake wa jadi, hakuona sababu ya kwenda kuchuma kahawa ya mtu mwingine kwa ujira usiotosha kodi. Basi alikwenda akichelewa, akarudi mapema, akaugua msimu wa kuvuna, akahamia kwa mjomba siku mwandikishaji alipopita. Barua za walowezi ziliita hayo yote uvivu wa asili. Mwami Rugemaninzi wa Kabare, ambaye naye hakuwa mwepesi wa kuwapatia wazungu watu wake, aliondolewa katika miaka ya 1930 na kupelekwa mbali na nchi yake. Kwa hiyo Wabelgiji walijua vizuri kwamba uvivu haukuwa ugonjwa wenyewe. Hakuna serikali inayomhamisha mwami kwa sababu raia wake wanapenda kulala.

Rais Mobutu alikuta mtindo huo uko tayari, akaupa jina. Salongo, kazi ya pamoja ya lazima, ilienea nchi nzima katika miaka ya 1970 kwa maneno ya uzalendo na ngoma za chama. Tangu hapo majina ya watawala wa Bukavu yamebadilika mara nyingi: Mobutu, AFDL ya Laurent-Désiré Kabila mwaka 1996, waasi wa RCD mwaka 1998, serikali ya Kinshasa tena, na tangu katikati ya Februari 2025 waasi wa AFC/M23. Salongo imebaki, mara ikilala, mara ikiamshwa. Ukitaka kuona shingo upande kwa macho yako, nenda asubuhi ya salongo kwenye mojawapo ya mitaa inayoshuka kutoka Kadutu. Mkubwa wa nyumba kumi amepita usiku akigonga milango. Saa moja hakuna mtu. Saa mbili wanatoka mmoja mmoja. Mwenye nyumba ametuma mtoto. Jirani yake amekuja na jembe lisilo na mpini, naye anauliza kama kuna mtu mwenye mpini. Mama watatu wanafagia palepale palipofagiwa jana. Mtaro wenyewe umejaa chupa za plastiki na udongo mwekundu ulioteremka na mvua, na kila mtu anajua kwamba mvua ijayo utafurika na kuingia katika nyumba za chini. Kazi ni ya maana. Lakini wanaoisimamia hawakuchaguliwa na wanaoifanya, na ushuru unaotozwa sokoni kila siku kwa ajili ya usafi haujawahi kuonekana mtaroni. Ikifika saa nne umati unatawanyika haraka, na kasi ile ya kurudi nyumbani inaeleza yote ambayo asubuhi haikuyasema kwa mdomo.

Watu haohao wanaofagia palipofagiwa huchimba kaburi la jirani kwa saa mbili bila kuitwa na yeyote. Huchanga pesa ya jeneza kabla jua halijazama. Nyumba za mbao zikiwaka, maana moto hupita kutoka ukuta hadi ukuta katika mitaa iliyobanana, utaona mnyororo wa ndoo umeundika kabla gari la zimamoto halijapewa mafuta. Wenye kuandika ripoti kuhusu "ukosefu wa moyo wa kujitolea" mjini Bukavu wangefika siku ya msiba wangeandika kitu kingine. Moyo upo. Unachagua mahali pa kwenda.

Kuna wakati kusita huko kwa mtu mmojammoja hukusanyika na kuwa jambo la mji mzima. Mwanzoni mwa mwaka 2000, Bukavu ikiwa chini ya RCD iliyosaidiwa na Rwanda, jumuiya za kiraia ziliitisha siku za mji mfu, ville morte kama wenyewe walivyoziita. Nguvu ya siku hizo ilikuwa katika wepesi wake. Hakuna maandamano ya kupigwa risasi, hakuna hotuba ya kumpeleka mtu gerezani. Duka halikufunguliwa. Mwalimu hakufika. Teksi ilikuwa na tatizo la injini. Ukimkamata mwenye duka mmoja atakuambia mtoto anaumwa, na huwezi kuwakamata wote. Wakati huo Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alikuwa ametoa ujumbe wa Noeli ya 1999 uliolaani uporaji na kuwaita Wakristo wasimame wima bila silaha. Yeye mwenyewe alikuwa amekuja Bukavu mwaka 1997 kushika kiti cha Christophe Munzihirwa, aliyeuawa Nyawera, hapa mjini, tarehe 29 Oktoba 1996. Tarehe 12 Februari 2000 RCD ilimzuia Kataliko asirudi jimboni mwake, ikampeleka Butembo. Mji ukazidi kufunga milango. Miezi saba baadaye, tarehe 14 Septemba, alirudi na kupokewa na umati uliojaza barabara, kisha akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo.

Nataja habari hii kwa sababu inaonyesha mpaka kati ya kusita na kukataa ulipo, na jinsi ulivyo mwembamba. Hao waliofunga maduka mwaka 2000 ndio waliokuwa wakisema "tutaona" mwaka 1999. Hawakubadilika tabia. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye heshima alisema kwa sauti walichokuwa wakikionyesha kwa mabega, na kila mmoja akagundua kwamba jirani yake naye alikuwa akifanya shingo upande. Mtawala mwenye akili angesoma dalili hizo mapema. Utiifu unaochelewa ni ujumbe, ila unatumwa katika lugha ambayo mpokeaji hujifanya haijui. Mwaka 2025 yalionekana mengine ya aina hiyo. Shule zilipotakiwa kufunguliwa tena wiki chache baada ya mji kutekwa, madarasa mengi yalianza na wanafunzi wachache. Hakuna mzazi aliyetangaza kugoma. Kila mmoja alikuwa akingoja kuona mtoto wa jirani akienda na kurudi salama.

Sokoni kusita kunashikika mkononi. Mteja anatoa noti ya dola tano kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mama muuzaji anafuta mikono kwanza, kisha noti anainyoosha, anaielekezea jua, anapitisha kidole gumba pembeni polepole kama msusi anayetafuta uzi uliokatika. Akikuta mchaniko wa ukubwa wa punje ya mchele anairudisha. Hata ya dola moja iliyo safi wengi hawaipokei. Mteja anaapa kwamba benki ya Marekani inazikubali zote, naye yu sahihi, na haimsaidii. Mama anajua kwamba aliyempa deni la sambaza alfajiri pale ziwani hataipokea, na mtaji wake wote uko katika lile beseni.

Wachumi hupenda kuiita tabia hii isiyo na mantiki. Ina mantiki ya watu walioumwa, na mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tarehe 25 Desemba 1979, sikukuu ya Noeli, Mobutu aliziondoa noti za zaire 5 na 10 katika mzunguko na kuwapa watu siku chache tu za kubadilisha. Aliyekuwa na akiba chini ya godoro kijijini hakuiwahi foleni. Mwishoni mwa 1992 ikaja noti ya zaire milioni tano. Wafanyabiashara waliikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa mishahara kwa noti hizo wakaingia mitaani kupora, na maduka yakaangamizwa. Mama wa sambaza huenda alikuwa hajazaliwa, lakini alilelewa na mtu aliyeviona vyote viwili. Halafu vijana wake wakamwambia asiwe mshamba, afungue akaunti, maana zama zimebadilika. Wengine walikubali. Februari 2025 benki za Bukavu zikafungwa, pesa zikabaki upande wa pili wa mlango uliofungwa, na wenye akaunti wakaanza kuvuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, kutafuta pa kuchukulia zao, au kuwalipa mawakala wa simu sehemu nene ya kile kilichokuwa mali yao. Aliyeweka akiba yake katika likelemba, upatu wa akina mama kumi wa mtaa, alikuwa na wa kumgongea mlango. Sitetei kukaa nje ya benki milele. Mji usio na benki haujengi viwanda. Nasema kwamba safari hii waliosita walikuwa sahihi, na ukweli huo utakumbukwa kwa kizazi kingine kizima.

Kuhusu chanjo ya Uviko sitakawia, maana yameandikwa mengi. Tarehe 2 Machi 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca. Serikali yenyewe ikasita, ikaahirisha kampeni hadi tarehe 19 Aprili, na mwishowe dozi zipatazo milioni 1.3 zikarudishwa ili zitumiwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Baada ya hapo, kumlaumu mtu wa Bagira, hapa mjini, kwamba hakujipanga foleni ni kumdai ujasiri ambao wakubwa wake hawakuwa nao. Kaskazini mwetu lilikuwepo jambo baya zaidi. Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi 2019, kwa sababu mojawapo ikiwa Ebola, ilhali rais angeapishwa Januari. Kura ya watu hao ikawa haina kazi. Kuanzia siku hiyo mhudumu wa afya aliyegonga mlango huko alionekana mjumbe wa waliowanyima kura. Ebola hiyo ilikwisha Juni 2020 baada ya kuua zaidi ya watu 2,200, na Agosti 2019 ilikuwa imefika hata Mwenga, hapa Kivu Kusini.

Sasa lile la kusita kwa adabu, nililosema nitalirudia.

Katika vijiwe vya vijana, na si vya vijana peke yao, utasikia ikisemwa juu ya msichana aliyekataa: "anasita tu". Maana yake ni kwamba yuko mara ya kwanza ya karibu-ule-kidogo, na bado mara mbili. Adabu ya mezani imehamishiwa mahali isipostahili hata kidogo. Sheria haina utata: sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006, namba 06/018 na 06/019, zilipanua maana ya ubakaji, zikamhesabu kila asiyetimiza miaka 18 kuwa mtoto, na zikaweka muda, yaani uchunguzi wa awali uishe ndani ya mwezi mmoja na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Kwa mtu mwenye nguvu juu ya mwingine, kumsoma anayesita kana kwamba anakubali ni uamuzi wa kutosikia. Na katika mkoa ambapo bunduki imekuwa mikononi mwa wengi kwa miaka karibu thelathini, kutosikia huko kumeharibu maisha ya watu wasiohesabika.

Halafu inakuja zamu ya aliyedhulumiwa kusita, na hapa kusita kuna saa. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72 tangu kubakwa. Vidonge vya kuzuia mimba vinafaa hadi saa 120, na kila saa inayopita vinapungua nguvu. Ushahidi wa mwilini nao unafutika haraka. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999 upande wa kusini wa mji, hutoa huduma hiyo bila kumdai mgonjwa pesa. Hata hivyo wengi hufika wakati saa hizo zimekwisha, baada ya wiki, baada ya mwezi, wengine mimba ikiwa imeonekana.

Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka ni aibu. Aibu ipo, lakini nadhani tunaitaja mno kwa sababu inatuondolea lawama sisi wengine. Fikiria hesabu anayoipiga mwanamke wa vijijini Walungu au Kalehe asubuhi baada ya usiku ule. Barabara ya kwenda hospitali inapita kwenye kizuizi cha watu wenye sare kama ya yule aliyemwumiza. Nauli hana. Akiondoka siku tatu, mumewe atauliza, na mume akijua huenda asimrudishe nyumbani. Wazee watakuja kutengeneza mambo kwa mbuzi wawili na maneno laini, na baba yake huenda akawapokea mbuzi hao. Akifika polisi ataombwa pesa ya karatasi. Akipita hapo pia, mtuhumiwa atalala kizuizini wiki mbili, kisha ataonekana tena sokoni akimtazama. Mwanamke huyo ana sababu saba za kusita, na aibu ni mojawapo tu, tena huenda ndiyo nyepesi. Kampeni zinazomwambia "vunja ukimya" zinamwelekezea yeye kazi ambayo ni ya barabara, ya askari, ya mume, ya wazee, ya polisi na ya hakimu.

Ushahidi kwamba kusita huko hakukuzaliwa naye uko katika kesi mbili. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011, askari wa jeshi la taifa walibaka wanawake kwa wingi mjini Fizi. Mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, karibu na wenyewe, na kuanza kusikiliza wiki chache tu baadaye. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Tarehe 21 Februari kamanda wa askari hao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, alihukumiwa miaka 20 gerezani. Ni chini ya miezi miwili tangu tendo. Wanawake haohao ambao ripoti zingewaita wasiotaka kusema, walisema mbele ya kamanda huyo mwenyewe, kwa sababu kwa mara hiyo moja mahakama haikusuasua.

Kesi ya pili ni ya Kavumu, kilomita zipatazo 30 kaskazini mwa Bukavu, palipo uwanja wa ndege. Kuanzia mwaka 2013 watoto wa kike, wadogo sana, walikuwa wakichukuliwa usiku kutoka katika vitanda vyao, wakabakwa, kisha wakaachwa mashambani. Wazazi hawakusita. Walibeba watoto wao hadi Panzi, wakaenda kwa wakuu, wakarudi tena. Iliyosita ni dola. Kila mtoto alifunguliwa jalada lake peke yake, kana kwamba kila usiku ulikuwa wa kwanza, na miaka ikapita bila mtu wa kuyaweka majalada hayo juu ya meza moja, kwa kuwa yalikuwa yakielekea kwa mheshimiwa: Frederic Batumike, mbunge wa mkoa, mwenye kundi lake la silaha. Alikamatwa Juni 2016. Mahakama ya kijeshi ilikaa Kavumu kwenyewe, mashahidi wakafunikwa wasitambulike, watoto wakaepushwa kusimama mbele ya washtakiwa, na tarehe 13 Desemba 2017 yeye na wenzake walihukumiwa kifungo cha maisha. Makumi ya watoto yalikuwa yameshaumizwa. Hakuna idadi ya semina za kuwahamasisha wazazi ambayo ingeokoa hata mmoja wao.

Mukwege mwenyewe ni mfano wa kusita kwa aina nyingine. Baada ya kuponea chupuchupu jaribio la kumuua tarehe 25 Oktoba 2012 alikwenda Ulaya, na wanawake wa kisiwa cha Idjwi wakauza mananasi yao kumchangia tiketi ya kurudi; alirudi Januari 2013. Alipopata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, sauti za kumtaka agombee urais zikawa kelele. Kwa miaka mitano alijibu kwa namna iliyoeleweka sana Bukavu: hakukubali, hakukataa. Waliomtaka walichanga hata pesa za dhamana. Alitangaza tarehe 2 Oktoba 2023, na uchaguzi ulikuwa Desemba 20. Alipata chini ya asilimia moja. Sisemi kusita ndiko kulikomwangusha. Uchaguzi ule ulikuwa na kasoro nyingi, na mtu asiye na chama cha kufika Mbandaka na Kananga hana njia. Lakini sisi tunaomheshimu tunapaswa kujiuliza. Tunasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na tunamshuku kila anayekitaka kiti waziwazi. Tukashinda miaka tukimngoja anayekisita, na wakati huo wanaokitaka wakawa tayari wameshakalia.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaokusifu kusita kwa Bukavu kama hekima tupu, wala na mashirika yanayokuandikia miradi ya kukuondoa. Kwenye salongo kunalinda heshima ya mtu bila kumgharimu sana. Kwenye noti kunamlinda mama na hasara, ila kunamfanya maskini mwenye noti moja iliyochanika ashinde na njaa huku ana pesa mkononi. Mbele ya mlango wa hospitali kunaweza kugharimu uhai. Hatari hizi tatu hazilingani, na anayezitibu kwa bango moja hajamsikiliza yeyote.

Hali ya sasa imezidisha ugumu. Tangu Februari 2025 mahakama za serikali ya Kinshasa zimesimama mjini. Panzi inaendelea kupokea wagonjwa. Mwanamke anayefika leo kabla ya saa 72 kwisha atapewa vidonge, atashonwa, atasikilizwa, na ataandikiwa cheti chenye muhuri kinachoeleza alichotendewa. Muuguzi atamwambia akitunze vizuri, kwa ajili ya hakimu. Naye atauliza swali la haki kabisa, hakimu gani, na hakuna mtu katika chumba kile mwenye jina la kumtajia.